Kuogelea baharini na ziwani: mwongozo kamili wa usalama kulingana na nyuzi joto za maji

Mtu aliyejifunza kuogelea Tanga, Malindi, Kigoma au Kisumu amezoea maji ya nyuzi 24 hadi 30 za Selsiasi. Mwili wake umejifunza mambo mawili: kwamba kujitosa majini ghafla hakuna neno, na kwamba ukichoka unaweza kulala chali juu ya maji mpaka nguvu zirudi. Kwa maji hayo, mambo yote mawili ni kweli. Mtu huyohuyo akihamia Leeds, Oslo au Toronto, akakuta siku ya Juni yenye jua kali na hewa ya nyuzi 28, atajirusha ziwani kwa mazoea ya nyumbani, kumbe ziwa lina nyuzi 13. Akihamia Dubai, mwezi Agosti atakuta bahari ya nyuzi 34, na mazoea yaleyale yatamponza kwa njia nyingine.

Ustadi wa kuogelea hauifuti tofauti hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuulizia umbali, ulizia nyuzi. Zikijulikana, utajua ni hatari ipi itakayotangulia, itakuja dakika ya ngapi, na uvae nini. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kuanzia maji baridi kabisa hadi maji ya moto.

Kwa nini maji hayafanani na hewa

Maji huuondolea mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu yenye nyuzi zilezile. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 hivi, na ndani ya mwili kuna 37. Maji yoyote yaliyo chini ya nyuzi 33 yanakupunguzia joto, hata yale ya Mombasa mwezi Machi. Kinachobadilika ni kasi tu. Maji yakifika 34 au zaidi, joto linalozalishwa na misuli halina pa kwenda. Jasho nalo halisaidii, kwa kuwa jasho hupoza mwili pale linapokauka, na ndani ya maji halikauki.

Kupima

Nunua kipimajoto cha kuogeshea mtoto au cha tangi la samaki. Kinatosha. Kifunge kwenye kamba ya mita mbili, karibu na kipimajoto ufunge jiwe dogo ili kizame, na juu uweke kipande cha boya. Kiache majini dakika mbili hadi tatu kabla ya kusoma, ukisome kikiwa bado majini, maana kikitoka upepo hukibadilisha mara moja.

Pima mahali unapokwenda kuogelea, si pale unaposimama. Maji ya kina cha magoti ufukweni yanaweza kuzidi yale ya katikati kwa nyuzi kadhaa saa za mchana, na mahali mto unapoingia ziwani yanaweza kuwa baridi zaidi. Shirikisho la kimataifa la kuogelea, World Aquatics, hutaka maji ya mashindano yapimwe saa mbili kabla ya kuanza, katikati ya njia ya mbio, kina cha sentimita 40. Ni desturi nzuri hata kwa asiyeshindana: mwenzako mwenye mtumbwi au kayaki atangulie apime. Kwa walioko Marekani, ukipewa namba ya Farenhaiti, toa 32 kisha gawa kwa 1.8. Kwa hiyo 50 ni nyuzi 10, 60 ni 15 na nusu hivi, na 70 ni 21.

Usikisie maji kwa kuangalia hewa. Bahari hupata joto na kupoa polepole kuliko nchi kavu. Pwani za Uingereza huwa na maji baridi kuliko wakati wote mwezi Februari na Machi, yakiwa nyuzi 6 hadi 9 sehemu nyingi, na hata Agosti hayapiti sana 15 hadi 18. Mei, miti imechipua na watu wamevaa mikono mifupi, bahari bado iko kwenye nyuzi 10 au 12. Hapo ndipo wageni wengi hudanganyika.

Tena maji ya jana si ya leo. Kwenye maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini, kama Michigan na Ontario, upepo wa siku moja unaweza kusukuma maji ya juu yenye joto mbali na ufuko, na maji ya chini yakapanda kujaza nafasi. Nyuzi 20 za asubuhi huweza kuwa 10 siku inayofuata, jua likiwaka vilevile. Pima kila mara unapoingia.

Kuna kingine kinachowashangaza waliozoea maziwa yetu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, lina maji ya nyuzi 23 hivi hata chini kabisa, kwa hiyo anayezama mita tano hakuti kitu kipya. Ziwa la Ulaya mwezi Julai linaweza kuwa na nyuzi 20 juu na 10 au pungufu mita chache chini. Anayeruka kutoka kwenye mwamba hupita tabaka la joto kwa nusu sekunde akaingia kwenye baridi kali. Usiruke kichwa mbele kwenye ziwa ambalo hujalipima chini. Ili kupima chini, funga chupa yenye mdomo mwembamba kwenye kamba pamoja na jiwe, izamishe mita tatu, ngoja ijae, ivute haraka uweke kipimajoto ndani.

Chini ya nyuzi 15: dakika ya kwanza ndiyo inayoua

Wengi hudhani maji baridi huua kwa kumgandisha mtu taratibu. Mara nyingi haifiki huko. Ngozi ikipoa ghafla, mwili hushtuka: unavuta pumzi moja kubwa bila hiari, kisha unatweta kwa kasi isiyozuilika, moyo unapiga mbio na shinikizo la damu linapanda. Kama ile pumzi ya kwanza imekukuta kichwa kikiwa chini ya maji, umevuta maji. Maji kiasi kidogo mno mapafuni yanatosha kumzamisha mtu mzima.

Mshtuko huu huwa mkali zaidi katika sekunde 30 za kwanza, kisha hupungua ndani ya dakika moja hadi tatu. Nguvu yake hufikia kilele kwenye maji ya kati ya nyuzi 10 na 15. Hii ina maana kwamba maji ya nyuzi 12, ambayo mwenyeji wa Scotland huyaona ya kawaida, yanaweza kukushtua karibu sawa na maji ya barafu.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, alifupisha hatari za maji yanayokaribia barafu kwa namba tatu: dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika 10 za mikono kufanya kazi ya maana, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa. Ukikumbuka namba hizo, hutaogopa hatari ambayo wakati wake haujafika. Mtu aliyetumbukia hatagandishwa dakika ya pili, kwa hiyo hana sababu ya kuhangaika na kumaliza nguvu pale ambapo anatakiwa kutulia.

Namna ya kuingia maji baridi kwa hiari:

1. Jipashe moto nchi kavu kwa dakika tano, kwa kutembea haraka na kuzungusha mabega. Usikimbie hadi kutoka jasho.
2. Ingia kwa miguu, hatua kwa hatua, hadi kiunoni. Simama. Jimwagie maji mikononi, shingoni nyuma, na usoni.
3. Toa pumzi nje kwa muda mrefu, kama unapuliza jiko la mkaa. Usijitahidi kuvuta, mwili utavuta wenyewe. Hesabu hadi nne ukitoa.
4. Shuka hadi mabegani, kichwa kikiwa juu. Kaa hapo, miguu ikifika chini, mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Kwa mwanzo hiyo ni dakika mbili hadi tatu.
5. Ndipo uogelee, kichwa juu, mtindo wa chura, sambamba na ufuko kwenye maji ya kifuani. Uso utie majini mwishoni kabisa.

Hatua ya tano ina sababu yake. Uso ukizama, mwili hutoa amri nyingine ya kupunguza mapigo ya moyo, wakati ngozi iliyoshtuka bado inaamuru yaongezeke. Moyo ukipokea amri mbili zinazopingana, mapigo yanaweza kuvurugika, na kwa mwenye tatizo la moyo asilolijua huo unaweza kuwa mwisho. Kusubiri pumzi itulie kabla ya kuzamisha uso na kuzuia pumzi ni kinga isiyogharimu kitu.

Ukitumbukia bila kupanga, sheria ni moja: elea kwanza. Waokoaji wa RNLI, shirika la hiari la uokoaji baharini la Uingereza na Ireland, hufundisha hivi: laza kichwa nyuma masikio yaingie majini, tulia, pumua, sukuma maji kwa mikono taratibu ili usizame. Dakika moja au mbili zikipita, pumzi ikirudi, ndipo upige kelele, ushike kitu, au uogelee kutoka.

Habari njema ni kwamba mwili hufundishika. Ukiingia maji baridi mara tano au sita, dakika mbili tatu kila mara, siku tofauti, mshtuko hupungua karibu nusu, na mazoea hayo hudumu kwa miezi mingi. Anza mwishoni mwa majira ya joto maji yakiwa 17 au 18, uendelee kila wiki yanaposhuka. Kuanza Januari ni kuupanda mlima kwa upande wenye genge.

Dakika kumi hadi nusu saa: mikono inakataa

Pumzi ikishatulia, maji baridi huanza kupendeza, na hapo ndipo watu hupitiliza. Damu imehama ngozini na kwenye viungo, mishipa ya fahamu ya mikono imepoa, misuli ya kiganja na ya kigasha imekuwa mizito. Ndani ya mwili bado una nyuzi 37, akili ni timamu, lakini mkono hauvuti maji. Dalili zake zinajulikana: vidole vinaachana na huwezi kuvibana, mpigo unakuwa mfupi na wa haraka, miguu inashuka, mwili unasimama wima badala ya kulala juu ya maji. Anayeogelea hivyo anatumia nguvu maradufu na hasogei.

Jipime kila dakika tano kwa kugusa kidole kidogo kwa gumba la mkono uleule. Ikishindikana, au ikikubidi uangalie ili ujue kama vimegusana, toka sasa hivi. Usingoje kutetemeka. Kwa sababu hiyo, kwenye maji ya chini ya 15 kamwe usielekee katikati ya ziwa kisha urudi. Ogelea sambamba na ufuko, mahali unapoweza kusimama au kutoka kwa mipigo 20.

Waogeleaji wa Ulaya wana kanuni ya dakika moja kwa kila nyuzi: maji ya 8, dakika 8. Kwa mtu aliyezoea ni ukomo unaofaa. Kwa mgeni ni mwingi. Mgeni kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 15 aanze na dakika 3 hadi 5, aongeze dakika moja au mbili kwa wiki. Chini ya nyuzi 10 tunashauri asiingie kabisa bila kikundi chenye uzoefu. Wapo wanaoogelea maili nzima kwenye maji ya nyuzi 5 au chini yake, na chama chao cha kimataifa kilianzishwa na Ram Barkai wa Afrika Kusini mwaka 2009. Hao wamejenga mazoea kwa miaka, na daktari husimama pembeni.

Suti ya neoprini, ile waogeleaji waiitayo wetisuti, hubakiza tabaka jembamba la maji kati yake na ngozi, na mpira wake wenye viputo vya hewa huzuia joto kutoka na hukufanya uelee. Iwe ya kubana: ikikunja mgongoni au kwapani, maji baridi yatapita na kuondoka kila unapopiga mkono. Ikibana sana shingoni hukaba pumzi na kumtia mtu hofu, kwa hiyo ijaribu kwenye maji ya kina kifupi kwanza. Paka mafuta ya mgando shingoni na kwapani kuzuia michubuko. Mafuta hayo hayazuii baridi, hata yakipakwa kwa kijiko. Kofia mbili za silikoni, glavu na soksi za neoprini hufaa sana chini ya nyuzi 14.

Kutoka, na baridi inayokuja baadaye

Joto la ndani ya mwili huendelea kushuka dakika 10 hadi 30 baada ya kutoka majini, kwa kuwa baridi iliyo kwenye ngozi na misuli inaendelea kuingia ndani. Ndiyo maana mtu hutoka akicheka, na robo saa baadaye anatetemeka hawezi kufunga zipu. Panga nguo kabla ya kuingia: taulo juu, kisha fulana, sweta, kofia ya sufi, suruali pana, soksi, kwa mpangilio wa kuvaliwa. Sidiria na jinzi za kubana ziache nyumbani.

Ukitoka: simama juu ya mkeka au jamvi, si ardhini. Vua vya juu, jikaushe, vaa vya juu, kisha hamia chini. Kunywa kitu cha moto chenye sukari taratibu. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai inafaa kabisa. Tembea polepole. Usioge maji ya moto wakati huo, maana ngozi ikipashwa ghafla mishipa hutanuka, shinikizo la damu hushuka, na watu huanguka bafuni. Pombe usiiguse. Usiendeshe gari mpaka kutetemeka kuishe kabisa.

Nyuzi 15 hadi 20

Hapa mshtuko bado upo ila mtu wa kawaida aliyejiandaa huumudu. Mgeni mwenye suti ya neoprini anaweza kuogelea nusu saa hadi saa nzima. Asiye na suti, dakika 15 hadi 30. Mlango wa Bahari wa Uingereza na Ufaransa, aliouvuka Matthew Webb mwezi Agosti 1875 kwa saa 21 na dakika 45, huwa na maji ya nyuzi 15 hadi 18 katika msimu wa kuvuka, na wanaouvuka bila suti hujiandaa miezi mingi kwa ajili ya baridi hiyo tu. Mashindano ya World Aquatics hayafanyiki chini ya nyuzi 16.

Zingatia umbo. Mwembamba hupoa haraka kuliko mnene, na mtoto haraka kuliko wote, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Mtoto akianza kunyamaza au midomo ikibadilika rangi, mtoe hata kama anasema bado anataka kucheza.

Nyuzi 20 hadi 29: maji yetu

Ziwa Victoria huwa kati ya nyuzi 23 na 28, Tanganyika karibu hivyohivyo. Bahari ya Hindi kuanzia Lamu hadi Mtwara hushuka hadi 25 hivi wakati wa kusi, Julai na Agosti, na hupanda hadi 29 au 30 mwishoni mwa kaskazi, Machi na Aprili. Mshtuko wa baridi karibu haupo. Hapa tatizo ni saa nyingi.

Maji ya nyuzi 26 bado yako nyuzi 7 chini ya ngozi. Anayeogelea kwa bidii hutengeneza joto la kufidia, kwa hiyo saa moja au mbili hasikii kitu. Akipunguza kasi kwa uchovu, hesabu inageuka. Mtu mwembamba anayeogelea polepole kwa saa tatu nne wakati wa kusi, upepo ukimpiga mgongo, anaweza kuanza kutetemeka kwenye bahari ambayo watalii huiita ya uvuguvugu. Aliyepinduka na ngalawa akashikilia mbao usiku kucha hupoa hivyohivyo. Ndiyo sababu mvuvi aliyeokolewa alfajiri afunikwe na kupewa kinywaji cha moto, hata kama mahali penyewe ni Bagamoyo.

Kwa safari ya zaidi ya saa moja, kunywa mililita 150 hadi 250 kila dakika 20 hadi 30. Maji yanapoubana mwili, damu ya miguuni hupanda kifuani, figo hudhani kuna maji ya ziada, na mtu hukojoa mara kwa mara bila kujua kwamba anakauka. Changanya na sukari na chumvi kidogo, au tumia paketi ya ORS. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea huzuia jua mgongoni, na hilo ni muhimu pia kwa mwenye ngozi nyeusi, kwani ngozi iliyoungua hushindwa kupoza mwili vizuri siku zinazofuata.

Kwenye maji haya, hatari zisizohusu joto wala baridi ndizo huua zaidi, hivyo tuzitaje kwa ufupi. Pwani, wakati wa bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa sana, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita nne, na yakipwa hutoka kwa kasi kupitia milango ya mwamba. Ogelea ndani ya mwamba, saa moja kabla na saa moja baada ya maji kujaa, au chagua siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Mkondo ukikubeba, usishindane nao. Pita pembeni hadi utoke. Ziwani uliza wenyeji habari za mamba na viboko, na epuka maji yaliyotuama yenye majani, ambako konokono wa kichocho hukaa. Ziwa Kivu, upande wa Goma na Gisenyi, lina mazuku: hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde na vihori vya ufukweni. Haionekani, na inaua. Ogelea pale tu wenyeji wanapoogelea.

Juu ya nyuzi 29

Tarehe 23 Oktoba 2010, Fran Crippen, Mmarekani wa miaka 26 na miongoni mwa waogeleaji bora wa masafa marefu, alifariki kwenye mbio za kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu. Siku ilikuwa ya joto kali na maji yalikuwa ya moto. Hakuna aliyemwona akizama. Sababu kamili ilijadiliwa sana, lakini baada ya hapo shirikisho la kimataifa liliweka ukomo wa juu wa nyuzi 31, kuongezea ule wa chini wa 16 uliokuwapo.

Waswahili walioko Oman, Dubai au Doha wanapaswa kuichukua namba hiyo kwa uzito. Ghuba kwenye kiangazi hupita 33 mara nyingi, na mahali pa kina kifupi huzidi hapo. Huko Dhofar, kusini mwa Oman, mambo hugeuka: pepo za kusi husukuma maji ya juu na kupandisha ya chini yenye baridi, bahari ya Salalah ikapoa wakati Muscat inaungua, ila mawimbi ya msimu huo ni makali mno kwa kuogelea. Kwetu, maji yanayobaki juu ya tambarare za mwamba wakati wa kupwa mchana, kama pwani ya mashariki ya Unguja, huwa ya moto kuliko bahari nje.

Joto halimtishi mtu kama baridi inavyomtisha. Mwogeleaji hana jasho analoliona, uso umelowa, anadhani anapozwa. Kinachokuja ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kujisikia vizuri kupita kiasi au kukasirika bila sababu, mpigo kupotea mwelekeo, kuanza kuogelea kwa kupinda. Halafu hupoteza fahamu, na mtu aliyepoteza fahamu majini huzama kimya.

Kati ya 29 na 31: ogelea alfajiri, punguza kasi kwa kiasi cha kuweza kuzungumza ukisimama, vua kofia ya mpira au tumia nyepesi, usivae neoprini hata ya mikono mifupi, na kunywa vitu vya baridi vyenye barafu kila dakika 15 hadi 20. Lala chali dakika moja kila robo saa ujipime: kichwa kinauma? naijua njia? Aliyetoka nchi ya baridi ajipe siku 10 hadi 14 za kuzoea kabla ya mazoezi mazito. Juu ya 31, jizamishe, cheza, elea, ila usifanye mazoezi ya bidii wala mashindano. Mwandaaji akikwambia mbio zitaendelea kwenye nyuzi 32, kataa kuingia.

Wasioingia bila kumwona daktari

Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa, pumu inayosumbua, na wajawazito. Tunamtaja kipekee mwenye selimundu: baridi na upungufu wa maji mwilini vyote viwili huamsha maumivu yake, kwa hiyo maji ya chini ya nyuzi 20 si yake, na kwenye maji ya joto anywe zaidi ya wenzake. Aliyekunywa pombe au kutafuna mirungi asiingie. Pombe humwongezea upotevu wa joto na kumpunguzia akili, mirungi huusukuma moyo na kumficha mtu uchovu wake.

Yupo pia mtu mwenye afya njema kabisa ambaye, akiogelea kwa nguvu hasa kwenye maji baridi, mapafu yake hujaa majimaji ya mwili. Dalili ni kukosa pumzi kusikoeleweka, kifua kukoroma, kikohozi chenye povu la rangi ya waridi. Ageuke chali, apungie mkono, atolewe, akae wima na apelekwe hospitali.

Mwenzako na vifaa

Usiogelee peke yako. Boya la rangi ya chungwa la kufungwa kiunoni huonekana na boti na hukupa pa kushika. Ongeza filimbi, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Aliye ufukweni ajue saa uliyoingia, saa ya kutoka, na namba ya kupiga: Tanzania 114 kwa zimamoto na uokoaji au 112 polisi, Kenya 999 au 112, Ulaya 112, Uingereza 999 ukiomba walinzi wa pwani, Marekani na Kanada 911.

Mwogeleaji akipata taabu

Usimfuate majini mikono mitupu. Mrushie dumu tupu lililofungwa kizibo, kamba, ubao.

Aliyepoa: mtoe akiwa amelala, si wima, kwani shinikizo la maji likiondoka ghafla miguuni damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Mlaze, mvue vilivyolowa, mkaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, mfunike pamoja na kichwa, weka mkeka na blanketi chini yake. Chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kitambaa zikae kifuani na kwapani, si miguuni. Kinywaji apewe tu kama anaweza kushika kikombe mwenyewe. Aliyeacha kutetemeka huku akizidi kuchanganyikiwa hajapona. Hiyo ndiyo hali mbaya zaidi, asitembezwe, gari la wagonjwa liitwe.

Aliyezidiwa na joto: mtoe, mweke kivulini, vua kofia na suti, mmwagie maji ya baridi mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea, na barafu kama ipo. Mpozeni kwanza, kumsafirisha baadaye.

Asiyepumua: mlaze chali, inua kidevu, mpe pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi mbili, tena 30. Aliyezama amekosa hewa, ndiyo maana pumzi hutangulia. Usimbonyeze tumbo wala kumning'iniza kichwa chini kutoa maji. Ni kupoteza muda na kumtapisha, matapishi yakaingia mapafuni. Aliyetolewa kwenye maji ya baridi kali usimkatie tamaa mapema, kwani ubongo uliopoa huvumilia kukosa hewa kwa muda mrefu zaidi. Endelea mpaka wataalamu wafike.

Yeyote aliyevuta maji mapafuni aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama amekaa, anazungumza na anasema hana neno. Kikohozi na pumzi fupi vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye, usiku, akiwa amelala peke yake.